Jina la Mtoto wa Tatu

Juzi asubuhi wajukuu wangu walifungulia redio, na ndani yake watu walikuwa wanabishana. Kijana aliyevuka mpaka akajiunga na magaidi, je, serikali imnyang'anye uraia? Mmoja akasema anyang'anywe leo leo, asirudi hata kuzikwa. Mwingine akasema mtu hafutwi kama hesabu ya ubaoni. Mjukuu wangu mmoja, yule mwenye mdomo, akanigeukia: "Shosho, wewe unaonaje?" Nikamwambia azime redio, uji unapoa.

Sikumjibu kwa sababu swali kama hilo naliogopa tangu zamani. Ukiulizwa, kwanza unatazama ni nani anayeuliza, halafu unatazama ni nani amesimama nyuma yake. Mjukuu wangu hana neno, najua. Lakini tabia niliyoipata wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, haijanitoka, na kwa vile nimebaki na meno mawili, sidhani itatoka. Jibu langu naliandika hapa kwenye daftari, kwa Kiswahili nilichofundishwa darasa la gumbaru nikiwa mtu mzima, maana wajukuu wa Nairobi Kiembu kinawapita juu kwa juu. Majina sitaandika, ya watu wala ya koo. Anayetaka majina akatafute kwingine.

Sisi ni watu wa Embu, upande wa Runyenjes. Wakati huo nyumba zetu zilichomwa, kila mtu amesimama hapo anatazama paa lake likianguka, tukasombwa tukatiwa kwenye kijiji kimoja. Nyumba zilibanana hivi kwamba jirani akikohoa, wewe ndiye unaamka. Kuzunguka kijiji tulichimba handaki, na waliochimba ni sisi wanawake, tukasimika ndani yake miti iliyochongwa ncha. Mlango ulikuwa mmoja. Filimbi ikilia unaenda kazi ya lazima, ikilia tena unarudi, na shambani kwako unapewa saa mbili tatu ukachume kile ambacho nyani hajakifikia. Tuliambiwa ni kutulinda na magaidi. Na hao magaidi ni kina nani? Mmoja wao ni shemeji yangu.

Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, na aliingia msituni, huko Mlima Kenya, kabla handaki halijachimbwa. Aliondoka hajaoa. Siku nilipoletwa kwao nikiwa bibi arusi, alinitania kwamba nimekimbilia ndugu mwenye sura mbaya, ningevumilia kidogo ningepata mwenye sura nzuri. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Nilimpenda yule mtu, nasema wazi.

Lakini watu wa msituni walimkata baba yangu mdogo. Alikuwa karani wa chifu, basi, hana bunduki, hana chochote. Walimkuta akikama ng'ombe. Baada ya hapo ndugu yangu, tumbo moja na mimi, akaenda kuandikwa homgadi, mlinzi wa upande wa serikali, akapewa mkuki na kofia. Kama shemeji alikuwepo siku ile, sijui mpaka leo. Kwa hivyo mtu asije akaniambia ati wote walikuwa malaika. Nilikuwa nikipika nafikiria mkono ule ulionishika bega siku ya arusi, kisha nafikiria panga, na chakula kinaungua.

Watu wanasema wakati ule tuliogopa bunduki. Uongo. Tuliogopana. Mara kwa mara tulipangwa mstari uwanjani, na mbele yetu anapitishwa mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi kwenye miundi, matundu mawili ya macho, basi. Anapita polepole. Akitikisa kichwa mbele yako, umekwisha, unapandishwa lori. Hasemi neno, kwa sababu sauti ingejulikana. Ni mtu wa hapo hapo kijijini, mtu aliyekuomba chumvi jana.

Mimi nilikuwa natazama miguu. Gunia halikufika chini, kwa hiyo niliinamisha kichwa kama mwenye adabu na nikasoma miguu. Siku moja niliona kisigino cha kushoto kimepasuka ufa mrefu, na mguu ni mwembamba kama wa mwanamke. Jioni, jirani yangu wa ukuta mmoja alikaa nje kuosha miguu. Ufa ule! Tangu siku hiyo nikajua, au nikajiambia najua, kwamba nalala karibu na mtu wa gunia. Sikufikiri kwamba sote tulikuwa tunachimba handaki miguu mitupu, na kwamba hata mimi nilikuwa na ufa.

Jirani huyo mumewe hakuwepo. Alisema alikufa Nairobi. Nani alimwona akifa? Na kitu kingine: yeye na mama mkwe wangu walikuwa hawasalimiani. Wanapishana mlangoni kama mbuzi. Mama mkwe hakuwa mtu wa kununa, kwa hiyo nikasema, aha, hata yeye amemjua huyu.

Mama mkwe naye nilikuwa namwangalia. Anatoka shambani na kiondo kimejaa nduma, naona mwenyewe, kufika nyumbani nduma ni nne. Nikimuuliza, anasema nimehesabu vibaya. Nikawa na hakika kuna mtu anayemlisha huko msituni, na nilimjua ni nani. Roho yangu ikawa juu, kwa sababu akikamatwa na chakula hicho hawatamchukua yeye peke yake, watabeba nyumba nzima.

Ndipo ikaja karatasi.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Hedimani, mkubwa wa serikali pale kijijini, aliwaita wanaume wa ukoo wetu barazani, akiwa na karani na mzungu wa tarafa. Wakaambiwa hivi: aliye msituni si mtu wa hapa tena. Hana ukoo, hana kijiji, hana shamba. Mashamba yatakapopimwa na kuunganishwa, kipande chake kitapewa mtu mwaminifu. Na ukoo unaotaka pasi za kutembea na ruhusa ya kupanda kahawa, wanaume wake watie kidole kwenye karatasi kwamba huyo mtu hawamjui.

Wakatia, wote, na mume wangu pia. Alirudi na kidole gumba cheusi, akakaa nacho siku tatu bila kukisugua. Nilimuuliza alitia wa ngapi, wa kwanza au wa mwisho. Akaniambia, "Mama watoto, kidole ni kidole." Jibu gani hilo? Nikaanza kumshuku na yeye. Kipande cha kaka yake kilikuwa pale chini kwenye kijito, udongo mweusi, nduma zinamea zenyewe. Mtu anaweza kumuuza ndugu yake kwa udongo kama ule. Nilimtazama akila nikawaza, wewe, utaniuza lini?

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mtoto haitwi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Jina lina mwenyewe, na mama ndiye anayelitamka mbele ya mashahidi mara tu akijifungua. Mvulana wa kwanza ni baba wa mume. Wa pili ni baba wa mke. Wa tatu ni kaka mkubwa wa mume. Nasema "ni", sisemi "anaitwa". Kifungua mimba wangu, mama mkwe alikuwa anamwita "mume wangu" na kumtengea kipande kinono, na sisi hatukuona ajabu, maana mzee alikuwa amerudi. Mtu ambaye mtoto wa nduguye ana jina lake, huyo yupo, hata akiwa hayupo.

Na mimi nilikuwa na wavulana wawili.

Kila mwanamke pale kijijini anajua kuhesabu mpaka tatu. Kwenye kazi ya lazima, majembe yanapanda na kushuka, macho yao yako kwenye tumbo langu. Likiwa juu wanasema msichana, likishuka wanasema mvulana. Jirani yangu ndiye alizidi. "Huyu ni wa ngapi vile?" Ananiuliza Jumatatu, ananiuliza tena Alhamisi. Nilimjibu vibaya mara moja: "Kwani unaandika kitabu?" Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Mama mkwe yeye hakuuliza. Alikuja siku moja nikiwa napepeta maharagwe, akaketi, akaniambia kwa sauti ya chini: "Karatasi ni yao. Mtoto ni wetu." Basi, akainuka. Nilijitia hamnazo, kama sikusikia. Lakini nilisikia, na usingizi ukanihama. Nikilitamka jina la gaidi kwa mdomo wangu, mtoto wangu ataitwa gaidi kila asubuhi, kila filimbi. Mtu wa gunia atasimama mbele yangu atikise kichwa. Wavulana wangu wawili watalelewa na nani? Nisipolitamka, yule aliye msituni amekufa akiwa hai. Nilimwomba Mungu anipe msichana. Niliomba kwa machozi, sioni haya kusema.

Alikuja mvulana.

Ilikuwa mchana, jua la utosi, watu wamerudi kutoka kazi ya lazima na wamejaa vichochoroni. Mama mkwe ndiye alinizalisha. Alipomwinua na kuona, alipiga vigelegele vitano, vya mtoto wa kiume, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nje kukanyamaza. Nikageuza kichwa, nikamwona jirani amesimama mlangoni, mkono kwenye mhimili, anangoja. Mbele ya mashahidi, kama inavyotakiwa, mama mkwe akaniuliza: "Ni nani amekuja?"

Nilitazama kisigino cha jirani. Ule ufa. Nikataja jina la ndugu yangu, yule homgadi.

Mama mkwe hakunipigia kelele. Afadhali angenipiga. Alimfunga mtoto vizuri, akaniwekea kifuani, akanawa mikono, kidole kimoja kimoja. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Nilikuwa na wana wawili. Leo nina mmoja." Jirani akaondoka mbele yake. Nikajiambia, haya, akapeleke hiyo, ataona ameambulia patupu. Niliona nimewashinda wote. Nilikuwa mjinga wa kutupwa.

Mume wangu alipoambiwa jina, aliketi kwenye kigoda akashika kichwa. Ndipo akanieleza, na ni mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekubaliana kabla ya kwenda barazani. Watie vidole, wapate pasi, wapate amani. Mtoto wa tatu akizaliwa atabeba jina. Siku ya kupima, mume wangu angesimama aseme, kipande cha kijitoni ni cha mwanangu huyu, na karani angeliandika jina lile lile kwenye kitabu cha serikali, kwa mkono wake mwenyewe. Shemeji akitoka msituni angekuta jina lake limelala juu ya udongo wake, linamngoja. Hata nikimzaa msichana, walikuwa tayari kungoja tumbo lijalo.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilimuuliza kwa ukali, damu ya uzazi haijakauka.

Akanitazama. "Ndugu yako ni homgadi," akasema. "Wazee walisema usiambiwe. Na mimi, kusema kweli, sikuwabishia."

Ala! Kumbe nilipokuwa namtazama akila nikiwaza ataniuza lini, naye alikuwa ananitazama nikipika akiwaza hivyo hivyo. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, kila mtu amekumbatia siri yake. Nilimwambia tubadilishe jina. Akasema haiwezekani, kijiji kizima kimesikia, na kesho yake karani wa kijiji atamwandika kwenye orodha ya watu wa nyumba yetu. Mtoto akibadilishwa jina, hedimani atauliza sababu, na sababu ni ile ile tuliyokuwa tunaificha.

Mama mkwe hakumaliza mwaka. Homa ya pale kijijini ilichukua wengi, wazee kwanza. Mwanangu yule hakumbeba hata siku moja. Alikuwa anampikia uji, anampoza, anampa mwingine amnyweshe.

Siku ya kupima mashamba ilipofika, kipande cha kijitoni kiliulizwa mwenyewe. Mume wangu alisimama, lakini aseme nini? Jina la mwanangu lilikuwa la watu wa kwetu mimi, na ukoo wa mume haungekubali udongo wake uandikwe jina la ukoo mwingine. Hedimani akatoa karatasi yenye vidole. Kikaandikwa cha hedimani. Kahawa aliyopanda pale ilikuwa nzuri kuliko zote, na mimi nilipita kando yake miaka na miaka nikiangalia upande mwingine.

Nilizaa tena mara nne. Wasichana watupu, wazuri, wenye akili, sina lawama nao. Lakini kila mara, kabla sijajua ni nani, nilikuwa nalishika lile jina mdomoni, tayari kulipiga kelele mpaka lisikike Meru. Kila mara vigelegele vilikuwa vitatu.

Shemeji alirudi. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, sisi tumetoka kijijini na kujenga kwenye shamba letu. Nilikuwa naanika mtama nikasikia mtu nje ya ua: "Hodi, wenyewe!" Sauti niliijua kabla ya uso. Mwana wa nyumba hapigi hodi kwao, anaingia tu, anauliza chakula kiko wapi. Yeye alisimama pale nje na kofia mkononi, mpaka nikamwambia karibu.

Mume wangu hakuwepo. Nilimpa uji kwenye kibuyu. Alikuwa amekonda, na mzaha umemwisha, au umebaki kidogo. Akaniuliza kaburi la mama yake, nikamwonyesha kwa kidole. Kisha akasema, "Wa tatu ni yupi?"

Nikamwita mwanangu. Akaja mbio, akasalimia. Shemeji akamuuliza anaitwa nani, akamwambia. "Ni jina zuri," shemeji akasema, akampapasa kichwa, akamwacha aende kucheza.

"Nilipata habari wiki ile ile," akaniambia.

"Nani alikuletea?"

"Jirani yako wa ukuta. Ndiye alikuwa anatuletea chakula alichokitoa mama. Mume wake tulikuwa naye, alifia mikononi mwangu. Siku hiyo alikuja akasema, shemeji yako amejifungua, ni mvulana. Tulifurahi sana. Nikamuuliza, je, nimelia kwa nguvu? Nina afya? Akanyamaza. Aliponyamaza, nikaelewa."

Nilitaka kumwambia habari ya kisigino, ya gunia, ya baba yangu mdogo. Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi siku ile baba mdogo akikama ng'ombe. Hata hapo, na uji wangu mkononi mwake, bado nilikuwa namshuku! Sikumuuliza. Alinitazama kama anayengoja swali hilo, halafu akatazama chini.

Nikamwambia akae, tutamkatia pembe ya shamba. Akasema hapana. Alikuwa amepata mtu huko chini Kiambere, kwenye joto la Mbeere, anayemruhusu kulisha mbuzi na kulima. Huko ndiko alikoishi mpaka akafa, bila mke wala mtoto. Nilisikia baadaye kwamba alipochukua kitambulisho na kuulizwa alikozaliwa, alisema Kiambere.

Basi, mjukuu wangu, hilo ndilo ninaloliona, na usinisukume niseme zaidi. Hao vijana wa redio sisemi ni sawa na shemeji, siwajui, na waliomwaga damu wahukumiwe kwa damu hiyo, kama ambavyo ningetaka waliomkata baba yangu mdogo wahukumiwe. Wafungwe, kitajwe walichofanya. Lakini kumwambia mtu si wa hapa, hilo mimi nalijua. Serikali ile ililisema kwa karatasi, na karatasi ikaondoka pamoja na wazungu. Mimi nililisema kwa mdomo wangu, mara moja, mchana, watu wakisikia, na limeshika mpaka leo. Katika ukoo wetu wote hakuna mtoto mwenye jina lake. Mwanangu wa tatu sasa ana mvi, hajawahi kuniuliza, na mimi sijamwambia.

Siku ile shemeji alimaliza uji wote, hakubakiza. Akasuza kibuyu mwenyewe kwa maji kidogo, akanirudishia kwa mikono miwili, akavaa kofia yake. Akafika kwenye njia, akageuka, na nikadhani atanitania kama zamani.

"Asanteni, wenyewe," akasema, akaenda zake.